Gobore la Mtu Aliyeokoka

Tulimuaga marehemu Mama Jasi asubuhi, na baada ya sala tukaketi sakafuni katika ukumbi wa hekalu la Makalasinga, tajiri na maskini bega kwa bega, tukala dengu na chapati kama ilivyo desturi yao. Magoti yangu siku hizi hayapendi sakafu. Nilikuwa nakunja mguu huu, nanyoosha ule, mpaka kijana aliyekuwa akigawa chakula akanionea huruma. Alikuwa mjukuu wa marehemu, amekuja kutoka ng'ambo kwa ajili ya msiba, Kiswahili chake cha kuokoteza lakini kina adabu. Akaniuliza, "Bibi, wewe ulimsaidia bibi yangu kazi za nyumbani?" Nikamwambia hapana, nilikuwa fundi wa babu yako. "Fundi wa nini?" Wa magobore, nikasema. Neno hilo hakulijua, ikabidi nimweleze: bunduki za zamani, zile zinazoshindiliwa baruti na risasi kupitia mdomoni. Kijana akacheka, akidhani namtania, akaniongeza chapati. Nilikasirika, sitaficha. Yeye sikumkasirikia, maana angejuaje. Nilikasirika kwamba katika ukumbi mzima hapakubaki mtu hata mmoja wa kusema ni kweli, huyu mama alikuwa fundi. Chai sikuingoja. Niliaga, nikavaa viatu, nikatembea hadi mtaa ule nyuma ya soko ambako karakana ilikuwepo. Siku hizi wanauza makava ya simu. Nikasimama mlangoni kama mtu aliyesahau alichofuata, hadi muuzaji akaniuliza, "Mama, simu gani?"

Mwaka ninaousema ni ule wa foleni, ambapo mtu akiona wenzake wamejipanga naye alijipanga kwanza, ndipo akauliza kunauzwa nini. Nilikuwa nimemaliza shule, nimepanga chumba Sekei, hapa Arusha, na sikuwa na pa kupeleka mikono yangu. Tangu zamani mimi ni mtu wa kuhangaika. Kanisani nilitikisa mguu hadi benchi zima likatikisika, na wazee wakageuka kunitazama. Siku moja nilipeleka stovu yangu kwa Mzee Gurdial, nikasimama kumwangalia akizibua kitundu kinachopitisha mafuta. Alikuwa na kilemba cha samawati kilichofifia, na ndevu zake alizifunga kwenye wavu ili zisishike cheche, na alifanya kazi polepole mno. Akachukua sindano, akaitazama, akaiweka. Akachukua nyingine, akaitazama. Uvumilivu ukanishinda. Nilimpokonya stovu mkononi, nikazibua mwenyewe, nikaiwasha palepale mezani kwake. Mzee akasema, "Binti, una mikono mizuri na haraka mbaya. Kesho njoo mapema." Ndivyo nilivyopata kazi, wakati wenzangu waliomaliza shule na mimi walikuwa bado wanazungusha vyeti maofisini.

Karakana ilikuwa na vyumba viwili. Cha mbele kilikuwa cha wateja, kimejaa cherehani, makufuli na stovu. Cha nyuma kilikuwa na jiriwa kubwa iliyofungwa kwenye meza ya mninga, na tupa zimetundikwa ukutani kwa ukubwa wake. Dirisha la jiko la Mama Jasi lilifunguka moja kwa moja ndani ya chumba hicho cha nyuma, na kwa dirisha hilo ndipo tulipopata chakula cha mchana: chapati zilizopakwa samli ikiwepo, dengu, achari ya limau inayokunja uso, na chai iliyotiwa sukari guru kwa sababu sukari yenyewe ilikuwa hadithi. Kwa dirisha hilohilo tulipata pia mawazo yake yote. Mama Jasi alizaliwa Arusha, alikulia Arusha, na akikasirika aliacha Kiswahili akaingia Kimeru alichokiokota kwa wauza ndizi. Yeye na mumewe, Mzee Gurdial, waligombana kwa Kipunjabi, lakini maneno mengine hayana Kipunjabi chake, kwa hiyo nilikuwa nakaa na tupa yangu nikisikia mto wa lugha nisiyoijua na ndani yake vinaelea vipande: foleni, kibali, Uingereza, mafuta ya taa. Uingereza ilikuwa shauri la ndugu zao waliokwisha kuhama. Mafuta ya taa yalikuwa shauri la magobore.

Maana katikati ya mwaka lilitoka tangazo, likasomwa makanisani na sokoni. Kila mwenye kibali cha gobore alilete polisi likaguliwe. Lililo zima mwenyewe angerudishiwa, na akitaka angeweza kumwandikisha mwanawe. Lililokufa lingechukuliwa likavunjwe. Basi watu wa mlimani, wenye mashamba yanayopakana na msitu, ambao bila mlio wa kufukuza nguruwe pori na nyani hawavuni mahindi, wakakumbuka bunduki walizozisahau darini. Zikatujia zimefungwa kwenye magunia, kwenye khanga, moja ndani ya ngozi ya mbuzi. Zilikuwa katika hali ya kusikitisha. Nyundo imeshikana na bamba lake, kifyatulio hakiendi mbele wala nyuma, na kile kizibo cha chuma kinachofunga mtutu kwa nyuma kimekuwa kitu kimoja na mtutu wenyewe. Dawa ya Mzee Gurdial ilikuwa moja: kuloweka. Alikata pipa kwa urefu, akalijaza mafuta ya taa, akayalaza magobore humo na kuyaacha. Mama Jasi alichungulia dirishani, akayaona yamelala kwenye mafuta ambayo yeye kwa jiko lake alikuwa ameyapangia foleni, akasema, "Mimi napika kwa kuni kama niko porini, bunduki za watu zinaoga!"

Kuloweka kulinitesa. Nani aliwahi kuona kazi ya namna hiyo, kutia kitu kwenye mafuta halafu usubiri? Kila baada ya muda nilikwenda kwenye pipa, nikajaribu skrubu kwa bisibisi, nikarudi, nikaenda tena. Mzee aliniambia kwamba anayelazimisha skrubu huondoka na kichwa chake tu, mwili ukabaki ndani, na alikuwa na kopo zima la vichwa vya skrubu kutoka kwa mafundi wenye haraka. Lakini kabla ya mafuta, kabla hata ya kufuta vumbi, palikuwa na jambo ambalo hakuna aliyeruhusiwa kuliruka. Ulichukua mdeki, ule ufito wa kushindilia, ukauingiza mdomoni mwa bunduki mpaka ukome, ukaweka kidole pale ulipoishia. Kisha ukautoa, ukaulaza juu ya mtutu kwa nje. Ukifika nyuma kabisa, mtutu ni mtupu. Ukiishia njiani, kuna kitu ndani, na hicho kitu kinaweza kuwa udongo wa nyigu, au kinaweza kuwa baruti iliyoshindiliwa na mtu ambaye sasa yuko kaburini. Baruti haizeeki, alisema. Ikiwa kavu, inangoja. Bunduki ya namna hiyo haionyeshwi moto hata wa sigara.

Mzee Lembris alikuja siku ya soko, kutoka upande wa magharibi wa Mlima Meru, gobore lake limeviringishwa kwenye shuka na kubebwa kama mtoto. Alikuwa mrefu, masikio yametogwa na kulegea kama ya wazee wa Kiarusha, na juu ya shuka amevaa koti jeusi la Jumapili. Nilimwamkia, "Shikamoo mzee," akaitikia marahaba bila kuniangalia. Alikuwa anaangalia pipa. Alisema anataka bunduki yake ifunguke kabla ya ukaguzi ili mwanawe aandikishwe. Mzee Gurdial akaingiza mdeki. Ukaishia njiani, pungufu kiasi cha shubiri. Tulipogonga mdomo wa mtutu ukaanguka udongo mkavu wa nyigu, mwingi, na mdeki ukasogea kidogo, ukakoma tena. Mzee Gurdial akauliza, kwa upole, maana anayeulizwa ni mtu mzima mwenzake, "Mzee, uliwahi kuliacha na kitu ndani?"

Mzee Lembris akajivuta akasimama wima. "Mimi nimeokoka," akasema. "Niliokoka kwenye mkutano wa injili mbele ya kanisa zima, nikaapa sitapiga bunduki tena maisha yangu. Tangu siku hiyo nimeitundika. Bunduki ya mtu aliyeokoka itakuwa na nini?"

Alikuwa mzee wa kanisa. Kumwuliza mara ya pili ni kumwita mwongo. Alipoondoka, Mzee Gurdial alinisukumia lile gobore mezani. "Hili ni lako," akasema. "Likifunguka kabla ya ukaguzi, magobore yote yanayobaki ni kazi yako, na jina lako nalitaja kwa wateja. Lisipofunguka, utarudi kwenye stovu." Hakuna kitu nilichowahi kukitaka kama kile. Wasichana wa umri wangu walitaka kwenda Dar es Salaam, wengine walitaka kuolewa. Mimi nilitaka mteja aingie akisema namtafuta yule binti wa magobore. Najua inachekesha. Kijana wa chapati naye alicheka.

Basi nikaloweka. Nikabadilisha mafuta, Mama Jasi akalia, nikaloweka tena. Bamba la nyundo lilikubali, kifyatulio kikakubali, hata kile kichuchu cha juu kinachovishwa fataki nilikitoa baada ya kukibembeleza sana. Kizibo cha nyuma kikakataa. Tundu la kichuchu lilikuwa limejaa kutu iliyokuwa ngumu kama jiwe, mafuta hayapiti, na kwa mdomoni kile kitu kilichokaa ndani kilizuia yasifike nyuma. Mzee Lembris alikuja kila siku ya soko. Hakuuliza kazi imefika wapi kama wateja wengine. Alisimama mlangoni, hakuvuka kizingiti, akatazama mtutu kwenye jiriwa, na kila mara nilipogonga na nyundo yangu aliyafumba macho. Nilidhani anaionea uchungu mali yake. Wiki ya ukaguzi ilipokaribia nilianza kumsumbua Mzee Gurdial tutumie moto. Chuma kikipashwa hutanuka, kutu huachia, kila fundi anajua. Akakataa. Nikarudia. Nilimrudia asubuhi, nikamrudia kwenye chai, nikamwuliza yule mzee ni nani hata aape uongo mbele ya Mungu wake. Hilo lilimgusa, kwa sababu yeye mwenyewe alikuwa mtu wa dini, na neno la mtu aliyeapa alilipa uzito. Ijumaa jioni akasema, kwa shingo upande, kwamba kesho baada ya chakula cha mchana atapasha mwenyewe, na mimi nikae mbali.

Mtu mwingine angelala vizuri. Mimi asubuhi ya Jumamosi sikuweza hata kumaliza uji. Karakana ilikuwa haina kazi yangu mpaka mchana, na kukaa kutazama mtutu ule kulinitia kichaa. Nikamwambia Mama Jasi kwa dirishani kwamba napanda kwa Mzee Lembris kumwuliza mara ya mwisho alilipiga lini, labda itatusaidia kujua kutu ni ya muda gani. Sababu yenyewe ilikuwa ndogo. Miguu ndiyo iliyotaka. Mama Jasi alifunga chapati mbili kwenye kitambaa akanipa, akasema, "Wewe hata ukifa maiti yako itatembea." Nikapata lori la viazi lililokuwa linapanda tupu, nikashuka njia panda, nikapanda kwa miguu katikati ya maharage na migomba, ukungu ukiwa bado haujaachia kilele, mpaka nikafika bomani kwake.

Mzee Lembris hakuwepo. Alikuwa kwenye kikao cha wazee wa kanisa. Mkewe, Koko Nai, alinipokea. "Takwenya, koko," nikamwamkia bibi yule kwa Kimaa nilichokuwa nacho, akafurahi, "Iko," akanivuta ndani. Nyumba ilikuwa ya duara, giza, moshi unauma macho, ndama amefungwa upande mmoja. Wajukuu wengi, sikuwahesabu. Nilivuta kigoda nikataka kukaa mahali palipokuwa wazi, kuanzia ukutani hadi katikati, penye kigoda kimoja tu kitupu na nafasi ya kutosha hata kulala. Koko Nai akanishika mkono. "Hapo hapana. Hapo ni pa mzee peke yake." Nikahamia upande wa pili, nikabanana na watoto na ndama. Akatupakulia loshoro, mahindi na ndizi kwenye maziwa ya mgando, baridi na chachu, nikala kwa uroho kwa sababu ya uji ule niliouacha. Na nikiwa nakula, macho yangu ambayo hayajui kutulia yakaanza kuwafuata watoto. Mmoja alipeleka bakuli mlangoni. Angeweza kupita katikati, palikuwa peupe. Hakupita. Alijibana ukutani, akazunguka nyuma ya ndama, akamkanyaga mwenzake, akatokea mlangoni. Mwingine akaenda kuchukua kibuyu, akafanya vilevile. Aliyekuwa anatambaa alielekea pale peupe, na dada yake, bila hata kuangalia, akamvuta mguu akamrudisha. Nikainua macho. Juu ya kigoda kitupu cha mzee, kwenye boriti nyeusi kwa masizi, palikuwa na vigingi viwili vitupu. Ndipo gobore lilipokuwa likitundikwa.

"Koko," nikasema, "kwa nini hawapiti hapo?"

"Hawapiti," akasema. "Ndivyo walivyozoea."

"Tangu lini?"

Akakoroga chungu. "Tangu mzee aokoke."

Bunduki tupu haizungukwi. Nyumba nzima, kuanzia bibi hadi kitoto kinachotambaa, ilikuwa imejifunza kuishi nje ya njia ya kitu kilichotundikwa pale juu, na kitu chenyewe kimeshaondoka lakini miguu haijasadiki. Sikumaliza loshoro. Sikumbuki niliagaje. Nakumbuka nilikimbia katikati ya migomba, kiatu kikatoka nikakirudia, nikakikosa, nikaendelea. Jua lilikuwa limekwisha kuchoma ukungu, na nilijua Mama Jasi ni mwanamke wa saa, kwake chakula cha mchana hakichelewi. Barabarani palikuwa hapana gari. Nilitembea nusu kwa kukimbia nikimlaani Mzee Lembris na wokovu wake, nikalia, nikajilaani na mimi kwa kumsumbua yule mzee wa watu mpaka akakubali. Mwishowe pikapu ya mtu wa maziwa ikanichukua, nikakaa nyuma na madebe, na kila aliposimama kupakia debe lingine nilimpigia paa la gari kwa ngumi, hata akatishia kunishusha.

Kabla sijafika mlangoni nilisikia ule mvumo wa taa ya kuchomea. Mzee Gurdial alikuwa amefunga mtutu kwenye jiriwa, mdomo umeelekea ukutani, ameinama nyuma yake, taa mkononi, mwali wa buluu anaurekebisha. Chuma kilikuwa bado cheusi. "Zima!" nikapiga kelele. "Mzee, zima, imo! Baruti imo!" Alishtuka, taa karibu imponyoke, akaizima. Tukasimama tunaangaliana, mimi na kiatu kimoja. Mama Jasi alitoa kichwa dirishani na mwiko wake, akatazama mumewe, akatazama uso wangu, akaelewa mara moja. Akazunguka, akaja akamshika mumewe mkono, akamtoa nje uani kama anavyotolewa mgonjwa, akamkalisha. Mzee alikaa na mkono kwenye ndevu. Nilingoja anigombeze. Aliniambia tu, "Nenda ukanawe miguu, imejaa damu."

Tuliifanyia ile bunduki kazi kwa maji. Tulimimina maji mdomoni, tukaacha yashuke, tukaongeza, na safari hii, nasema kweli, sikulisogelea pipa wala bisibisi. Kisha Mzee akafunga kwenye ncha ya mdeki skrubu ndogo iliyochongoka, akauzungusha ndani taratibu, akavuta. Kwanza kikatoka kipande cha kitambaa chekundu kilichokunjwa. Kisha zikatoka goroli za baiskeli, misumari iliyokatwa vipandevipande, halafu nyuzi za katani. Mwisho baruti. Ya juu ilikuwa imelowa maji yetu, lakini ile ya chini kabisa, iliyoshindiliwa vizuri na mtu aliyejua kazi yake, ilitoka kavu na nyeusi. Nilichukua chembe kidogo kwenye kijiko hadi uani, nikaigusisha kiberiti. Iliruka na kuwaka mara moja, ikaacha moshi mweupe na harufu ya mayai yaliyooza, na Mama Jasi akaita Mungu wake kwa sauti ya juu. Baada ya hapo moto haukuwa na ubaya. Kizibo kilipashwa, kikaachia, nikakifungua kwa mkono wangu mwenyewe, mtutu ukaona mwanga mwisho hadi mwisho. Ndiyo kazi niliyoililia siku zote hizo. Sikuifurahia. Nilikuwa na hasira mpaka meno yananiuma.

Jumapili baada ya ibada tulipanda kwake na pikapu ya Mzee Gurdial, gobore liko safi, limepakwa mafuta, na vile vitu tulivyovitoa ndani yake viko kwenye kopo. Tulimkuta ameketi kwenye kigoda chake, chini ya vile vigingi, na koti la kanisani. Koko Nai alikuwa mekoni, akikoroga chungu. Watoto walikuwa nje, isipokuwa wadogo waliobanana upande ule wa pili. Mzee Gurdial aliinama, akamwaga vilivyokuwa kwenye kopo sakafuni mbele yake: misumari, goroli, katani, kile kitambaa. Mimi ndiye niliyesema. Nilimwambia, na sauti yangu ilikuwa kubwa kuliko inavyoruhusiwa kwa msichana mbele ya mzee wa kanisa, "Ungetuua, mzee. Huyu ana mke na mtoto. Ungetuua kwa sababu ya aibu."

Mzee Lembris alitazama misumari ile. Alipoanza kusema alisema polepole, Kiswahili chake kikitafuta njia. Siku ile ya kuokoka aliishindilia mchana, akingojea nguruwe waliokuwa wanamaliza mahindi. Jioni akapita kwenye mkutano, akasimama tu pembeni kusikiliza, na neno likampata. Akaenda mbele. Mchungaji akamwuliza kama ameweka chini kila kitu, akajibu kila kitu. Akaapa hatapiga tena. Ni mpaka alipofika nyumbani usiku, akaiona pale juu, ndipo alipokumbuka kwamba imejaa. Kuitoa ni kuipiga, na kuipiga ameapa hataipiga. Kwenda kwa fundi ajuaye kuitoa bila kuipiga ni kusema, na kusema ni kukiri kwamba aliposema kila kitu hakikuwa kila kitu. Akasema kesho. Halafu kizibo cha nyuma kikaganda kwa kutu, halafu ikawa miaka. "Nilikaa hapa," akasema, akigonga kigoda, "ili ikianguka inikute mimi. Sikumwambia mtu. Hata mke wangu hajui."

Koko Nai aliacha kukoroga. Akaja, akachuchumaa, akakiokota kile kitambaa chekundu, akakinyoosha juu ya goti. "Hiki ni cha shuka langu," akasema. "Ulikikata siku hiyo, nikakugombeza. Halafu nikakaa nikingoja mlio. Usiku kucha nilingoja. Mlio haukuja." Akatutazama sisi, kisha mumewe. "Tulijua, baba. Sote. Watoto niliwafundisha kabla hawajajua kutembea."

"Na hukusema?"

"Ningesema, ungeishusha ukaipiga, kwa ajili yetu. Ungevunja kiapo chako." Akakunja kitambaa. "Tukaona heri tuzunguke."

Mimi niliinama, nikaanza kuirudisha misumari kwenye kopo. Mzee Gurdial aligeuka, akajifanya anakagua mlango. Mzee Lembris alikuwa ametazama upande wa pili wa nyumba, pale walipobanana wajukuu.

"Miaka yote hii," akasema, "nilidhani hawanipendi."

Koko Nai alichota maziwa kwenye kibuyu, akampa msichana mdogo ampelekee babu yake. Mtoto akapokea kwa mikono miwili, akageuka kuelekea ukutani, kwenye njia yao ya siku zote, nyuma ya ndama.

"Hapana," bibi yake akamwambia. "Pita katikati."

Mtoto akasimama. Akatazama juu, kwenye vigingi. Akamtazama babu yake. Kisha akapita.